Je, Wajua? Tope la Makueni, Nyasi za Malindi

Je, wajua kwamba Kenya ina mto wenye majina matatu? Ukipita kati ya Makueni na Kitui unaitwa Athi, ukishakutana na mto Tsavo unakuwa Galana, na ukikaribia Malindi ni Sabaki. Safari nzima ni kama kilomita 390, na maji ni yaleyale.

Na wajua ni abiria gani hupanda humo bila kulipa nauli? Udongo wa shamba lako, ndugu yangu wa Mbooni! Kila mwaka Sabaki humwaga mamilioni ya tani za mchanga na tope katika Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya mzigo huo imeng'olewa kwenye miteremko ya Ukambani.

Shika na hii. Mwendo wa maji ukiongezeka mara 2 tu, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka mara 64. Umesoma sawasawa, 64. Ndiyo maana mto Kaiti, uliokuwa mchanga mtupu asubuhi, unaweza kubingirisha mawe ya kukalia ifikapo jioni mvua ikipiga vilimani.

Geuza upande wa pili sasa. Maji ni kama lori la mchanga: yakikimbia yanabeba, yakisimama yanashusha. Lishike hilo tu, na mengine yote nitakayokurushia leo utayadaka kwa mkono mmoja.

Wajua nani hushuka kwanza? Punje ya mchanga mnene, ya milimita 1, huzama mita 1 kwa sekunde zisizofika 10. Mchanga laini wa milimita 0.1 huchukua kama dakika 2. Chembe ya udongo wa mfinyanzi je? Karibu siku 3, na hapo maji yawe yametulia tuli!

Sasa utaelewa ujanja wa bwawa la mchanga. Watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kuvuka mto wa msimu, kimo cha mita 1 hadi 4 hivi, ukiwa umekalia mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mnene hutua nyuma ya ukuta, na tope laini huruka juu na kwenda zake Malindi. Baada ya misimu michache ya mvua bwawa limejaa pomoni, limejaa mchanga, na hapo ndipo wenyewe hushangilia.

Usicheke. Mita 1 ya ujazo ya mchanga mnene ulioshiba inaweza kukupa lita 250 hadi 350 za maji. Hiyo ni zaidi ya mitungi 12 ya lita 20, kutoka kitu ambacho mgeni akikitazama ataona jangwa.

Kwa nini wasiyaache maji wazi, yaonekane? Kwa sababu ya jua, rafiki yangu. Maji yaliyo wazi Kitui hupoteza kina cha karibu mita 2 kwa mwaka kwa kugeuka mvuke, na mvua ya sehemu nyingi za kaunti haifiki hata mita 1. Mchangani mambo ni tofauti: vipimo vilivyofanywa katika mto Swakop, Namibia, vilionyesha kwamba maji yakishuka sentimita 60 chini ya mchanga, jua hubaki na kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake juu yao.

Ukitaka kuona kwa macho, nenda mtoni mwezi wa Septemba. Mama anapiga magoti na kukumba kwa kata. Mchanga wa juu ni mkavu, unamwagika na kurudi shimoni. Wa chini yake unaanza kuwa mweusi na kushikana. Halafu ukuta wa shimo unatoa jasho. Maji ya kwanza ni meupe kwa vumbi, anayamwaga. Ya pili ni maangavu, na hayo ndiyo yanayoingia mtungini. Akimaliza anaziba shimo kwa matawi ya miiba, maana mbuzi nao wana akili.

Ndovu wa Tsavo nao wanaijua kazi hii. Huchimba mito mikavu kwa miguu na mkonga, wakinywa na kuondoka, wanyama wengine hupanga foleni.

Je, wajua kwamba Joshua Mukusya na wenzake walianza kikundi cha Utooni mwaka 1978, huko Kola, njiani kwenda Wote? Kutoka mikono ile ya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na mawe ya kubeba mabegani, mabwawa ya mchanga yalisambaa Ukambani. Upande wa Kitui shirika la SASOL, likishirikiana na wanavijiji, limejenga zaidi ya 500 tangu miaka ya 1990. Mia tano! Na bado yote kwa pamoja hushika kiasi kidogo sana cha mafuriko. Katika mito iliyopimwa Kitui ilikuwa chini ya lita 5 kwa kila lita 100 zinazopita. Wa chini hawaibiwi maji yao.

Mchanga una sheria yake pia. Mwaka 2015 Makueni ilipitisha sheria ya kaunti ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda na mamlaka ya kuusimamia. Lori likizoa mchanga wa mto, linaondoka pia na nafasi ya kuwekea maji. Nairobi inapata ghorofa, Makueni inapata kiu.

Umechoka? Bado hatujafika hata Kibwezi.

Wajua Uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa mlima unaofuatana na Athi? Ni mto wa mawe! Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, lava ilimwagika na kujaza bonde la mto wa kale, ikakauka kwa urefu wa kilomita 290 hivi, moja ya mikondo mirefu ya lava duniani. Udongo laini wa pembeni ukachukuliwa na maji, lava ikabaki. Kwa hiyo lililokuwa bonde leo ndilo kilele, na mto umehamia ubavuni.

Na vilima vya Chyulu, wajua kwamba havina mto juu yake? Mvua inayonyesha huko huzama moja kwa moja katika mawe ya volkano na kuibukia Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka Mombasa baadhi ya maji hayo. Ukiona mtu wa Mombasa anajidai mbele yako, mkumbushe anakunywa mvua ya Makueni.

Haya, siasa kidogo. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilisema ng'ombe wa Wakamba ndio wanaomaliza udongo, ikaanza kuwakamata na kuwauza. Zaidi ya watu elfu moja, wake kwa waume na watoto, walienda Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa. Serikali ikalegea juu ya ng'ombe, lakini kiongozi wao, Muindi Mbingu, ikamkamata na kumpeleka uhamishoni. Wapi? Lamu! Kisa kilianza na udongo unaoporomoka baharini, naye akatupwa kando ya bahari yenyewe. Leo ana barabara yake katikati ya Nairobi, na wengi wanaoegesha magari pale hawajui kisa.

Tena si ng'ombe peke yao wenye makosa. Watafiti walioitazama Machakos ya zamani, ile iliyokuwa pamoja na Makueni, walichapisha kitabu mwaka 1994 wakaonyesha jambo la ajabu: tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara 5, na mmomonyoko ukapungua. Jibu lilikuwa jembe na matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa mlimani, nyasi zinapandwa juu ya tuta, na maji ya mvua yanakosa mbio.

Umeona nyasi zimeingia? Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Twende sasa hadi mdomoni mwa Sabaki. Je, wajua kwamba ile chembe ya mfinyanzi iliyohitaji siku 3 kushuka mita 1 hubadilika tabia ikionja chumvi? Katika maji ya bahari chembe hushikamana, zikawa mabonge, na mabonge huzama upesi. Hata ufuo wa ghuba ya Malindi umekuwa ukisogea kuelekea baharini kwa mchanga wa mto.

Tope hilo lina ratiba. Upepo wa kusi ukivuma, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kaskazini, mbali na mji. Ukiingia wa kaskazi hugeuka na kushuka kusini hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, hifadhi iliyoanzishwa pamoja na ile ya Watamu mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika.

Sasa kaa vizuri. Ndani ya hifadhi hiyo kulikuwa na tumbawe lenye umri wa miaka 300. Wanasayansi walilitoboa, wakatoa kipande kirefu na kupima bariamu, madini yanayofika baharini pamoja na udongo wa mto, tabaka baada ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Matokeo yalitoka 2007: karne mbili za utulivu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1900 kipimo kinapanda, na hakishuki tena. Kilimo cha wakoloni, misitu iliyofyekwa, mashamba mapya ya bara, yote yamo ndani ya mwili wa mnyama wa baharini ambaye hajawahi kuona jembe!

Na nani yuko pale chini akilipokea tope? Nyasi za baharini. Tena nyasi kwelikweli, si mwani: zina mizizi, zina maua, zina mbegu. Mababu zao waliishi nchi kavu, wakarudi majini yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kenya ina aina 12.

Wajua huchavushwa vipi bila nyuki? Aina moja ya pwani yetu, yenye majani marefu kupita mita 1, huachia maua ya kiume yaelee juu ya maji wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, yakutane na ya kike. Mapenzi kwa kalenda ya mwezi.

Njoo Gazi, Kwale, maji yakiwa yamekupwa. Nyasi zimelala chali, zote zikielekea upande mmoja, ule mkondo ulikokwenda. Chuma jani moja ulipitishe kati ya vidole: lina utelezi. Huo ni tope laini pamoja na viumbe vidogo vilivyojibandika, na kila jani kwenye shamba zima limevaa hivyohivyo.

Majani hayo hufanya nini na maji? Ndani ya nyasi mkondo hupoa, juu ya nyasi hukimbia zaidi, kwa kuwa maji yamekosa njia ya chini. Pale juu na chini panapopishana, vizunguzungu huzaliwa na kuviringika, na shamba lote hupepea kwa zamu, mstari kwa mstari. Mkondo ukizidi nguvu, majani huinama yasikatike. Hayashindani na maji kifua kwa kifua.

Wimbi ni kitu kingine. Je, wajua kwamba wimbi la kilindini halisafirishi maji? Maji huzunguka palepale, duara juu ya duara, kinachosafiri ni nguvu. Duara hizo zikifika kwenye nyasi zinakwangua majani huku na huku, na kila mkwaruzo unakula kidogo.

Kidogo kiasi gani? Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walipanda aina 4 za nyasi katika tangi la mawimbi. Majani yalipofika karibu na uso wa maji, kila mita 1 ya nyasi ilikula kama asilimia 40 ya nguvu ya wimbi. Mita moja, jamani, hatua moja ya mtu mrefu! Maji yakijaa sana kazi hupungua, kwa sababu wimbi hupita juu kwa juu.

Na hesabu ya wimbi ina raha yake. Ukilipunguza kimo kwa nusu, nguvu haibaki nusu, inabaki robo. Kwa hiyo usidharau nyasi zinazolipunguza wimbi kimo kidogo tu.

Huko chuo cha MIT, Marekani, Heidi Nepf na wanafunzi wake huunda nyasi bandia, mashina ya vijiti na majani ya plastiki, wazipige mawimbi. Mwaka 2010 walitangaza kitu ambacho wengi hawakukitarajia: mawimbi yanapopita, ndani ya nyasi huzaliwa mkondo wake wenyewe, unaosonga kule mawimbi yanakoelekea. Wimbi linapiga huku na huku, nyasi zinaligeuza kuwa mto mdogo wa chinichini.

Unadhani mmea mrefu zaidi ndio mlinzi bora? Hapana! Kuna mwani wa California unaoweza kufika mita 45 na kukua nusu mita kwa siku moja, ila vipimo vya miaka ya 1990 pale baharini havikuona ukipunguza mawimbi kwa kiasi cha kuhesabika. Unacheza na wimbi badala ya kulizuia. Kwa upande mwingine, visiwani Derawan, Indonesia, kasa hula nyasi zikabaki fupi kabisa, na bado utafiti wa 2013 ulikuta mizizi imeushika mchanga.

Watafiti wa Ulaya wakaona haitoshi kukisia. Walikata vipande vya nyasi za ufuo wenye chumvi, wakavipanga katika tangi la Hannover, Ujerumani, lenye urefu wa zaidi ya mita 300, wakavipiga kwa mawimbi ya dhoruba. Mwaka 2014 wakatoa jibu: hadi asilimia 60 ya mawimbi yaliyopungua, sifa ni ya mimea.

Mikoko nayo? Mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea mizizi na kina. Mlilana husimama mbele kabisa kukabili bahari, mkoko hujifunga kwa mizizi ya matao, mchu huchomoza vijiti vyake juu ya tope vipate hewa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kule alikotupwa Muindi Mbingu.

Hii utaipenda: Gazi, mikoko imewalipia watu maji ya bomba. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa hekta 117, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu muongo uliopita, na kijiji huamua fedha ziende wapi, shule au bomba. Vanga wakafuata, hekta 460.

Turudi kwenye nyasi, maana zina adui asiyeonekana. Ili ziishi zinahitaji wastani wa asilimia 11 ya mwanga unaopiga juu ya bahari. Maji yakiwa na tope, mwanga haufiki. Nyasi zikifa mchanga unalegea, maji yanachafuka zaidi, na zilizobaki zinapata giza la kwao.

Kenya ilikuwa na kilomita za mraba 317 za nyasi za baharini mwaka 2016. Ndani ya miaka 30 kabla ya hapo zilipotea asilimia 21, na kasi ya kupotea iliongezeka zaidi ya mara 5, kutoka asilimia 0.29 kwa mwaka hadi 1.59. Nguva mmoja hula hadi kilo 40 kwa siku, na si yeye aliyezimaliza. Nguva wenyewe wamebaki wa kuhesabu.

Zinaweza kurudi? Virginia, Marekani, ghuba zilizobaki uchi tangu miaka ya 1930 zilimwagiwa mbegu zaidi ya milioni 70, na leo zina zaidi ya hekta 3,600. Kenya nako watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI, wameshirikiana na wanavijiji wa pwani ya kusini kuzipanda upya kwa magunia: gunia linashika mche usisombwe, kisha linaoza.

Harakaharaka kabla benchi halijapoa! Kisiwani Læsø, Denmark, watu waliezeka nyumba kwa nyasi za baharini, na paa jingine limepita miaka 200. Kule Shark Bay, Australia, mwaka 2022 walipima nyasi wakakuta ni mmea mmoja tu, umejitandaza kilomita 180. Ni kutoka Nairobi hadi kuipita Makindu, mmea mmoja, na umri wake kama miaka 4,500.

Na hii nakuachia uitafune mwenyewe. Pale mto Thwake unapoingia Athi, Makueni ng'ambo hii na Kitui ng'ambo ile, mwaka 2018 ilianza kazi ya bwawa lenye ukuta wa kimo cha mita 80.5 na nafasi ya maji zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Athi itasimama hapo kabla ya kuendelea na safari. Mchanga mnene sekunde 10, mchanga laini dakika 2, mfinyanzi siku 3. Haya, niambie: nani atashukia Thwake, na nani atafika Malindi?